Mteremko wa Kati ni Upi? Istilahi za Michezo ya Theluji na Uchaguzi wa Mahali pa Mapumziko

Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kuona kwamba jarida la istilahi linashughulikia michezo ya theluji, tena kwa mifano itokayo Dodoma, mahali ambapo mvua ni haba na kitu cheupe kiangukacho kutoka mawinguni ni mvua ya mawe tu. Hata hivyo, lugha ya taifa haina hiari ya kuchagua mambo itakayoyataja. Wasemaji wa Kiswahili siku hizi wanaishi Oslo, Toronto, Munich na Dubai. Wanafunzi wetu huenda masomoni katika nchi za baridi na kurudi na michezo waliyojifunza huko. Na watangazaji wetu hulazimika kuyaeleza mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi kwa wasikilizaji wa Kondoa na Manyoni. Jambo likishafika kinywani mwa watu, hapana budi lipate maneno.

Tuwachukue kwa mfano mume na mke, watumishi wakaao Dodoma, waliojifunza mchezo huo walipokuwa masomoni ng'ambo. Wamejiwekea akiba kwa miaka kadhaa, na sasa wanataka kwenda mapumziko ya juma moja. Si wageni wa mchezo, wala si mabingwa. Mume anasema, "Sisi ni wa kati, basi tutafute mahali pa watu wa kati." Mke hakubali wala hakatai, kwa kuwa hajui neno hilo linamhusu yeye kwa kiasi gani. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno "wa kati", likiachwa peke yake, halichagui mahali popote. Tutapendekeza istilahi zinazoeleza mteremko wenyewe na kile awezacho kufanya mtu, kwa sababu katika jambo hili neno legevu laweza kumvunja mtu mguu.

Theluji na jamaa zake

Tuanze na kitu chenyewe. Kiswahili kina maneno mawili makuu, nayo yote yamesafiri kabla ya kutufikia. "Theluji" limetokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo neno la asili hutumika kwa theluji na kwa barafu pia. "Barafu" limetokana na Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Sisi tuliyapokea yote mawili tukayagawia kazi: theluji ni ile laini iangukayo, barafu ni maji yaliyoganda yakawa magumu. Tofauti hiyo tumeijenga wenyewe, na yafaa kuilinda. Pamoja na hayo tunalo neno "sakitu", yaani umande ulioganda usiku juu ya ardhi, na "jalidi", baridi kali inayogandisha.

Historia yatufundisha hasara ya kukosa neno. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na weupe uliokuwa kileleni. Kiongozi wake alipoulizwa ule weupe ni nini, aliuita "baridi" tu. Kiongozi huyo hakukosea. Alikitaja kitu kwa jinsi kinavyomtendea mtu akifikaye. Wataalamu wa jiografia huko Ulaya, waliokuwa na neno la theluji lakini hawajafika, walibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na mstari wa ikweta. Neno la kiongozi yule, ingawa halikuwa kamili, lilikuwa karibu na ukweli kuliko hoja zao.

Kwa mchezaji, theluji si ya aina moja, na hali yake hubadilika toka asubuhi hadi jioni. Hapa twaweza kutumia maneno ya nyumbani. Theluji kavu na nyepesi iliyoanguka karibuni tuiite "theluji ya unga". Ile iliyoyeyuka kidogo mchana ikaganda usiku, ikafanya tabaka gumu juu, tuiite "theluji ya ukoko", kwa kufuata ukoko wa wali ambao kila mpishi anaujua. Ile iliyolowa maji kwa joto la alasiri ni "theluji ya chepechepe". Na ile itengenezwayo kwa mashine zipulizazo matone ya maji katika hewa ya baridi ni "theluji ya kupulizwa". Mchezaji mwenye uzoefu wa wastani hufurahia theluji iliyosawazishwa na mashine usiku. Akikutana na ukoko kwenye mteremko uleule alioushuka vyema jana, ataona umekuwa mgeni kwake.

Kuteleza na kuserereka

Magazeti na redio zimezoea kusema "mchezo wa kuteleza kwenye theluji". Neno hilo laeleweka, lakini lina kasoro. Kuteleza, katika matumizi ya kila siku, ni jambo limpatalo mtu bila kukusudia. Twasema kuteleza si kuanguka, maana yake mtu amekosea kidogo na yafaa asamehewe. Kulifanya neno la ajali kuwa jina la ustadi ni kuwachanganya wasomaji. Tutamwelezaje mchezaji aliyeteleza alipokuwa akiteleza?

Kiswahili kinalo neno "kuserereka", yaani kushuka kwa kuteleza kutoka juu kwenda chini. Watoto wakaao penye majabali laini hulifahamu tendo hilo: hupanda juu ya jiwe, hukaa, husukumana na kuserereka mpaka chini huku nguo zikitoboka. Wao hukusudia kufanya hivyo. Kwa hiyo twapendekeza "kuserereka" liwe jina la tendo, "msererekaji" liwe jina la mtu, na "mserereko" liwe jina la njia iliyotengenezwa na kuwekewa alama kwa ajili ya mchezo. "Mteremko" libaki na maana yake ya asili ya ardhi yoyote iinamayo. Kwa njia hii mteremko ni wa mlima, na mserereko ni wa watu. Kifaa chenyewe kivaliwacho miguuni tukiite "skii", kwa sababu neno hilo fupi limekwisha kuzoeleka na halina mpinzani wa kufaa.

Yapasa pia kutenga michezo miwili ambayo wengi huichanganya. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za kilometa 10. Alimaliza wa mwisho, naye mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia. Mchezo wa Boit ulikuwa wa kwenda kwa skii juu ya ardhi yenye miinuko na mabonde, mchezaji akijisukuma kwa nguvu zake mwenyewe. Miaka 20 baadaye, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, Mkenya mwingine, Sabrina Simader, alishindana katika mchezo wa kushuka mlimani kwa kasi akipita baina ya milingoti. Twapendekeza mchezo wa kwanza uitwe "skii za nyika", na wa pili "skii za mlima". Mume na mke wetu wasipotaja ni upi waupendao, wanaweza kulipia juma zima mahali pazuri mno kwa mchezo ambao hawaujui.

Rangi zidanganyavyo

Katika vituo vya theluji, miserereko hupewa rangi kuonyesha ugumu wake. Mfasiri asiye mwangalifu angeona kazi yake ni nyepesi: atafsiri rangi, basi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani rangi hizo hazina maana moja ulimwenguni.

Katika nchi nyingi za Ulaya, buluu ni mserereko mwepesi, nyekundu ni wa kati, na nyeusi ni mgumu. Ufaransa huongeza kijani chini ya buluu kwa ajili ya wanaoanza. Katika Amerika ya Kaskazini, kijani chenye umbo la duara ni mwepesi, buluu yenye umbo la mraba ni wa kati, na nyeusi yenye umbo la almasi ni mgumu, nyekundu haimo. Kwa hiyo buluu ya Austria ni mserereko mwepesi, na buluu ya Marekani ni mserereko wa kati. Tena huko Amerika ugumu hupimwa kwa kulinganisha miserereko ya kituo kimoja, hata buluu ya mlima huu yaweza kuwa kali kuliko buluu ya mlima wa jirani. Na dereva wa Dodoma, aliyefunzwa kwamba taa nyekundu ni amri ya kusimama, hatadhani kwamba huko Ulaya nyekundu ndiyo rangi ya watu wa kati.

Kipimo kilicho imara zaidi ni kiasi cha kuinama. Kwa kanuni zitumikazo Ujerumani na Austria, mserereko wa buluu haupiti asilimia 25, isipokuwa vipande vifupi. Wa nyekundu haupiti asilimia 40. Wa nyeusi huzidi hapo. Mteremko wa asilimia 25 ni ule ushukao meta 25 kwa kila meta 100 za mlalo. Watafsiri wajihadhari wasichanganye asilimia na digrii: asilimia 25 ni kiasi cha digrii 14, asilimia 40 ni kiasi cha digrii 22, na asilimia 100 ni digrii 45. Mtu akiandika digrii 40 mahali pa asilimia 40, amewapeleka wasomaji wake gengeni.

Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi nne zinazofuata ardhi yenyewe: "mserereko wa wanagenzi", "mserereko mwepesi", "mserereko wa wastani" na "mserereko mkali". Rangi itajwe baadaye, pamoja na jina la nchi. Tumechagua "wastani" badala ya "kati" kwa makusudi. "Kati" hutaja mahali kitu kilipo baina ya vingine viwili, nacho hubadilika vile viwili vikibadilika. "Wastani" hutaja kiasi, na kiasi chaweza kupimwa.

Mtu wa kati ni nani?

Tukishaupima mlima, imebaki kumpima mtu. Kwa anayeanza tunalo neno zuri, "mwanagenzi", ambalo mafundi wetu hulitumia kwa mtu aliye katika kujifunza kazi. Kwa aliyefika juu tuna "bingwa" na "mahiri". Baina yao pana uwanja mpana sana, na vitabu vya matangazo ya vituo huwajumlisha wote waliomo kwa neno moja.

Sisi twaona wagawanywe mara mbili, na mgawanyo ufuate matendo. "Mzoefu mchanga" ni yule awezaye kusimama pale apendapo, kugeuka kushoto na kulia, na kushuka mserereko mwepesi bila msaada. "Mzoefu aliyekomaa" ni yule ashukaye mserereko wa wastani kwa mwendo autawalao, na ambaye akikuta kipande kikali au ukoko atapunguza mwendo na kuendelea pasipo hofu kuu. Mtu ajiulize ni lipi kati ya haya aliloweza kulifanya safari iliyopita, asiulize anajionaje.

Sasa mfano wetu waeleweka. Yawezekana mume ni mzoefu aliyekomaa na mke ni mzoefu mchanga, au kinyume chake, na wote wawili ni "wa kati" kwa mujibu wa kitabu cha matangazo. Wakichagua mahali penye miserereko mingi ya wastani na michache myepesi, mmoja atafurahi na mwingine atashinda akitetemeka, ama atabaki hotelini akinywa chai. Mapumziko ya watu wawili hupimwa kwa uwezo wa yule mchanga. Yule aliyekomaa atafutiwe nyongeza, lakini msingi uwe wa mwenzake.

Kuchagua mahali

Kutokana na hayo, maswali ya kuuliza ni machache. Je, kutoka juu ya kila lifti ya viti kuna mserereko mwepesi wa kushukia? Huu tuuite "mserereko wa kurudia", nao ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa mpanda ngazi hushuka. Je, miserereko myepesi na ya wastani hukutana chini mahali pamoja, ili wawili walioachana juu waonane tena? Je, miserereko husawazishwa kila usiku? Je, yupo mwalimu ambaye mzoefu mchanga aweza kujifunza kwake saa za asubuhi?

Tutumie maswali hayo kwa mahali patatu panapoweza kufikiriwa na mtu aondokaye Dodoma. Pa kwanza ni Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, pafikapo meta 3,222 juu ya usawa wa bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe chetu. Ni mahali padogo. Mserereko wake mkuu una urefu wa kilometa moja hivi. Mzoefu mchanga atatosheka kwa siku mbili au tatu, naye aliyekomaa atakwisha kuujua mlima wote mapema. Wote wakumbuke kwamba Dodoma iko kiasi cha meta 1,100 tu, na mwili unahitaji muda kuizoea hewa nyepesi.

Pa pili ni Dubai, ambako tangu mwaka 2005 kumekuwa na ukumbi wa theluji ya kutengenezwa ndani ya jengo la maduka. Mserereko wake mrefu una meta 400. Hakuna msimu, wala upepo, wala ukoko usiotazamiwa. Hapafai kwa juma zima, lakini panafaa sana kwa yule asiyejua yeye ni mzoefu wa aina gani: atajipima kwa siku moja kabla ya kutoa fedha nyingi.

Pa tatu ni milima ya Alps. Eneo la Les Trois Vallées nchini Ufaransa lina miserereko ipatayo kilometa 600 iliyounganishwa. Msimu ni Desemba hadi Aprili, ambao kwetu ndio msimu wa mvua na kilimo. Hapa wingi wa miserereko ya kila daraja huwawezesha mume na mke kutengana asubuhi na kukutana mchana, mradi wasome ramani kwa rangi za nchi ile. Gharama ni kubwa, na bima ya matibabu na uokoaji mlimani si jambo la hiari.

Kwa hiyo, kwa watu wa mfano wetu, kama mmoja ni mchanga na miaka imepita tangu waliposhiriki mchezo huo, twaona Lesotho kwa siku chache ni bora kuliko Alps kwa juma zima. Kama wote wamekomaa, Lesotho itawachosha, nao waende Alps.

Kuyapima maneno katika nyanda za kati

Istilahi nzuri hufanya kazi hata nje ya mahali ilipozaliwa. Tuzijaribu zetu nyumbani. Huko Kolo, wilaya ya Kondoa, kiasi cha kilometa 180 kaskazini ya Dodoma, kuna michoro ya miambani iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Njia ya kuifikia ni fupi, lakini sehemu zake za mwisho zinapanda kwa ukali. Akiambiwa "ni karibu tu", mgeni mzee atadanganyika. Akiambiwa "njia fupi, mwinuko mkali", ataleta fimbo na maji. Mlima Hanang, wenye meta 3,417, hupandwa kutoka Katesh, na apandaye hadi kileleni huinuka zaidi ya meta 1,500. Kuiita safari hiyo "ya kati", kwa sababu tu Kilimanjaro ni mrefu zaidi, ni kosa lilelile la kuulinganisha mlima na jirani yake badala ya kuupima wenyewe.

Hanang watufundisha pia juu ya neno la hatari. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikaifunika sehemu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tangu hapo hakuna mtu wa nyanda hizi asiyejua uzito wa neno "maporomoko". Theluji nayo hushuka hivyo hivyo ikaua. Istilahi yake na iwe "maporomoko ya theluji", isitafutiwe neno jipya la kupendeza, ili asomaye bango kwenye mlima wa ugenini aelewe mara moja kwamba analotajiwa ni jambo alijualo.

Wazee wa Ugogo walilijua jambo hili. Masimulizi husema kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo, "Idodomya", yaani pamedidimia, kwa sababu tembo alikwenda kunywa maji akazama topeni. Waliopaita hivyo walimwambia apitaye ni nini kitakachompata.

Istilahi zinazopendekezwa

Kuserereka: kushuka kwa makusudi juu ya theluji kwa kutumia skii.
Msererekaji: mtu anayeserereka.
Mserereko: njia ya theluji iliyotengenezwa na kuwekewa alama.
Mserereko mwepesi: usiozidi asilimia 25.
Mserereko wa wastani: unaozidi asilimia 25 lakini hauzidi asilimia 40.
Mserereko mkali: unaozidi asilimia 40.
Mserereko wa wanagenzi: ulio karibu na tambarare, wa kujifunzia.
Mserereko wa kurudia: mwepesi, utokao juu ya lifti hadi chini.
Mzoefu mchanga, mzoefu aliyekomaa: kama ilivyoelezwa hapo juu.
Skii za mlima. Skii za nyika: michezo miwili iliyo tofauti.
Theluji ya unga, ya ukoko, ya chepechepe, ya kupulizwa: hali na aina za theluji.
Kituo cha theluji: mahali penye miserereko, lifti na malazi.

Haya ni mapendekezo, wala si amri. Wasomaji waishio katika nchi za theluji wanaombwa watuandikie maneno wanayotumia wao kwa wao, na wale wa Kondoa, Hanang na Singida watuletee maneno ya lugha zao yanayotaja miteremko, kwa kuwa watu wanaoishi miguuni pa mlima huwa na maneno mengi kuliko kamati. Ama kuhusu mume na mke wa mfano wetu, tunawashauri kwamba kabla ya kukata tikiti kila mmoja aandike kwenye karatasi yake mambo aliyoweza kuyafanya mara ya mwisho, kisha wabadilishane karatasi. Hapo watajua waende wapi.